Pengine

Mtu akiitazama Lusail kutoka baharini haoni sababu ya mkazi wake yeyote kusumbuka na hali ya hewa. Minara ya vioo imesimama juu ya ardhi tambarare, mbingu haina wingu kwa miezi, na mvua ya mwaka mzima nchini Qatar haifiki milimita 100 kwa wastani. Kwetu Tanga, kiasi hicho chaweza kunyesha katika wiki moja ya masika. Hata hivyo ni hapa, si Tanga, nilipojifunza kuisoma mbingu. Kwetu mvua ilikuja yenyewe. Hapa inabidi uivizie.

Kazi yangu ni kusimamia mafundi wanaoosha vioo vya maghorofa. Jukwaa lao huning'inia kwa kamba za chuma, na neno la kulipandisha au kuliacha chini hutegemea upepo. Nilianza kufuatilia utabiri kwa sababu hiyo. Nikaendelea kwa mapenzi. Nikawakuta wenzangu: mlinzi kutoka Machakos, mpishi wa Kipemba ambaye babu yake alikuwa nahodha, na kijana wa Jinja anayepeleka vyakula majumbani kwa pikipiki. Ikifika Novemba tunatumiana ramani za mawingu kama wengine wanavyotumiana matokeo ya mpira.

Saa ya Doha ni saa ile ile ya Dar es Salaam na Nairobi, hivyo hata katika jambo hili tunahesabu Kiswahili. Puto za kupimia anga hurushwa duniani kote kwa ajili ya vipimo vya saa tisa usiku na saa tisa alasiri kwa saa zetu. Modeli ya Marekani huanza hesabu mpya mara nne kwa siku: saa tisa na saa tatu, saa tisa na saa tatu. Majibu hutoka saa kadhaa baadaye, na mwenye maradhi haya hujikuta macho kabla ya adhana, akilinganisha ramani ya jana na ya leo.

Dhoruba za baridi za Ghuba huanzia mbali. Mkondo wa hewa baridi ya juu huteremka kutoka upande wa Mediterania, huku chini yake upepo wa kusini ukileta unyevu kutoka Bahari ya Shamu na Bahari ya Arabu. Vikikutana mahali pamoja kwa wakati mmoja, huzaa ngurumo na mvua. Visipokutana, mawingu hupita juu bila kuacha tone. Nyuma yake huja shamali, upepo wa kaskazini-magharibi, ambao wakati wa baridi waweza kuvuma siku moja au hata siku tano. Qatar ni rasi nyembamba, upana wake hauzidi kilomita 90 hivi. Dhoruba ikikosea njia kwa mwendo wa saa moja wa gari, nchi yote imeikosa.

Desemba moja tulikuwa na hali ya namna hiyo. Siku sita kabla, modeli ya Ulaya ilileta mvua kubwa juu ya vichwa vyetu. Ya Marekani iliitupa Iran. Kesho yake zikabadilishana. Mlinzi aliandika kwamba wataalamu wanacheza bahati nasibu kwa pesa za serikali. Nilimwelewa, lakini hakuwatendea haki. Mwaka 1961 Edward Lorenz aliingiza upya katika kompyuta yake namba 0.506 badala ya 0.506127, na hali ya hewa ya kubuni aliyokuwa akiikokotoa ikaenda njia nyingine kabisa. Tangu hapo inajulikana kwamba kosa dogo la kipimo hukua siku hadi siku. Ndiyo maana tangu 1992 kituo cha Ulaya cha utabiri hakitoi jibu moja tu. Hukokotoa pia majibu mengi yanayoanza na tofauti ndogo za makusudi, siku hizi 50, na kutazama mangapi yanakubaliana. Yakiwa 20 kati ya 50 yana mvua, tunaambiwa asilimia 40. Mtabiri anapotuambia hivyo anatupa kipimo cha ujuzi wake na cha ujinga wake kwa pamoja.

Wazee wetu walikuwa na neno la hali hiyo. Kiswahili kina labda, na kina huenda, lakini lililo bora kwa mvua ni pengine. Maana yake ya asili ni mahali pengine. Maana ya pili ni shaka. Anayesema pengine itanyesha amekwisha kukiri kwamba mvua ipo, ila haijulikani itaangukia wapi. Wazee hao hao waliugawa mwaka wao kwa miongo ya siku kumi kumi kuanzia Nairuzi ili kujua wakati wa kaskazi na kusi. Mpemba wetu anatuambia Waarabu wa Ghuba nao wana hesabu ya kumi kumi, inayoanza nyota ya Suheli inapochomoza. Ahmad ibn Majid, katika karne ya 15, alipanga safari za bahari kwa siku za Nairuzi. Kalenda hizo zilimwambia nahodha msimu, si siku. Hakuna aliyeilaumu Suheli kwa dhoruba ya Jumanne.

Hatari huanza pale mtu mkubwa anapoigeuza pengine kuwa ndiyo au hapana. Oktoba 2023 Rais William Ruto aliwaambia Wakenya kwamba wataalamu wamebadilisha utabiri, na kwamba El Niño ya maafa iliyohofiwa haitakuwapo. Idara ya hali ya hewa ilikuwa imeeleza uwezekano wa mvua kupita wastani. Novemba mito ilivunja kingo zake, na kabla ya mwaka kwisha watu zaidi ya 100 walikuwa wamekufa nchini humo. Mlinzi wetu alizifuata habari hizo akiwa amesimama lango la watu wengine, simu mkononi, akiuliza kila jioni kama daraja la kwao lingalipo.

Kwa hiyo siku mbili kabla ya dhoruba yetu, kijana wa Jinja aliponiuliza, "Kaka, niambie tu, itanyesha au haitanyesha?", sikumpa alichokitaka. Nilimuuliza atapoteza nini akipumzika siku hiyo. Akasema pesa nyingi, kwa kuwa siku ya mvua watu hawatoki na oda huwa maradufu. Nikamuuliza atapoteza nini akianguka. Lami ya hapa hukusanya mafuta na vumbi kwa miezi, na matone ya kwanza huifanya iteleze kama sahani ya pilau. Alikaa kimya, kisha akaandika, "Mama ananitegemea mimi tu." Sikujua kama hiyo ni sababu ya kwenda au ya kubaki. Yeye ndiye aliyepaswa kujua.

Nadhani hapo ndipo ilipo siri ya namba hizi. Asilimia 40 haina maana moja. Kwa anayepanga kuchoma nyama ufukweni ni ruhusa ya kwenda na mwavuli. Kwangu mimi, hata asilimia 10 ya upepo wa ghafla ni amri ya kushusha jukwaa, kwa sababu upande mmoja wa mizani kuna siku ya kazi na upande wa pili kuna watu wawili wanaoning'inia ghorofa ya 30. Mtabiri anaweza kunipa uzito wa mbingu tu. Uzito wa upande wa pili ninao mimi, na hakuna kompyuta itakayonibebea.

Siku yenyewe ilipofika, ngurumo zilisikika alfajiri upande wa Al Khor, na huko ilinyesha hasa. Lusail ilipata matone ya kuchafua magari. Adhuhuri shamali ikaingia, si kali sana, ikapeperusha mchanga hadi usiku. Mwenye jengo akauliza kwa nini vioo vyake havikuoshwa siku mbili kwa ajili ya mvua isiyokuja. Nilimwonyesha vipimo vya upepo, akavitazama bila kuridhika. Kijana wa Jinja alikuwa ameamua kutoka mchana, baada ya barabara kukauka. Alipata nusu ya alichotarajia. Usiku alituma picha ya anga ya mashariki ikimulikwa na radi za mbali, mvua ikinyesha baharini pasipo mtu, na chini yake aliuliza ramani ya saa tisa inasemaje.