Moto, Chuma na Swali Lililobaki

Mhunzi anayefua jembe haliyeyushi. Hulitia katika makaa, huvukuta mpaka chuma kiwe chekundu, kisha hulikunja kwa nyundo apendavyo. Jambo hili analijua kila aliyekulia jirani na kibanda cha mhunzi, lakini husahauliwa upesi watu wanapozungumza juu ya majengo ya New York yaliyoanguka tarehe 11 Septemba 2001.

Baada ya msiba ule, wanachuo wangu wa ualimu waliniuliza swali zuri. Mafuta ya ndege ni ndugu wa mafuta ya taa, na moto wa jengo haufikii nyuzi 1,500 za sentigredi, ambazo ndizo huyeyusha chuma cha pua. Basi minara miwili yenye orofa 110 kila mmoja ilianguka vipi? Niliwajibu kwa mfano wa mhunzi. Chuma cha pua kikifika nyuzi 600 hivi hubakiwa na karibu nusu tu ya nguvu zake. Jengo halingoji nguzo ziyeyuke, zikilegea yatosha.

Mwaka 2005 wachunguzi wa Taasisi ya Taifa ya Viwango na Teknolojia ya Marekani walieleza kwamba ndege zilikata baadhi ya nguzo na kubandua kinga ya moto iliyofunika chuma. Kisha samani na karatasi ziliungua, na hewa mahali pengine ikafika nyuzi 1,000. Jengo la tatu, la orofa 47, halikugongwa na ndege, lakini liliungua kwa saa saba hivi na kuanguka jioni ile ile. Ripoti yake ya mwaka 2008 ilisema kwamba boriti zilitanuka kwa joto na kusukuma mhimili kutoka mahali ulipokalia. Nimejaribu hesabu hiyo mwenyewe: boriti ya mita 15, halijoto yake ikipanda kwa nyuzi 400, hurefuka kwa sentimita 7 hivi. Si kidogo.

Maelezo hayo nayakubali. Hata hivyo, mwalimu wa sayansi lazima atofautishe halijoto ya hewa na halijoto ya chuma chenyewe. Sufuria kubwa ya maji haichemki mara tu kuni zinapowaka. Je, nguzo zile zilifika nyuzi ngapi hasa?

Hapo ndipo penye ufa. Wachunguzi walipata vipande 236 tu. Chuma kingi kilikuwa kimekwisha kuuzwa kama vyuma chakavu. Rangi iliyopakwa juu ya chuma kile hupasuka kinapopita nyuzi 250. Walikagua sehemu zaidi ya 170 za nguzo za nje, wakakuta tatu tu zilizopita kiwango hicho. Wao wenyewe walionya kwamba vipande hivyo ni sehemu ndogo mno ya nguzo za orofa zilizoungua, hivyo haviwezi kusemea nyingine. Kwa hiyo halijoto za nguzo zilizolegea tunazo kwa hesabu za kompyuta, si kwa kipimo. Tena ripoti ya kwanza, ya Mei 2002, ilionyesha vipande viwili vilivyoliwa na mchanganyiko wenye salfa katika joto la karibu nyuzi 1,000. Salfa ilitoka wapi? Ripoti ile haikupata jibu la wazi, ikashauri uchunguzi uendelee.

Wahenga walisema lisemwalo lipo. Katika sayansi methali hiyo haitoshi. Wapo waliouona ufa huu wakaujaza uvumi wa mabomu yaliyofichwa. Lakini kukosa kipimo cha joto si ushahidi wa bomu. Wapo pia wanaomkemea kila anayeuliza, kana kwamba kuuliza ni kuwadharau marehemu. Wote wawili wanakimbia neno moja fupi: hatujui.

Watu 2,753 walikufa New York siku ile. Jamaa zao, na kila anayelala orofa ya kumi ya jengo lolote duniani, wana haki ya kujua chuma hufanya nini motoni. Basi jengo likianguka, na lizikwe kwanza lililo la kuzikwa, kisha mabaki yahifadhiwe mpaka maswali yaishe. Chuma kilichokwisha kuyeyushwa hakiulizwi tena.