Neno Nililolitamka Barazani

Jicho langu la kushoto halioni tangu nilipokuwa mtoto wa miaka sita. Nilipatwa na surua, macho yakavimba yakajaa usaha, na bibi yangu, Mungu amrehemu, akanikamulia maji ya majani aliyoyachuma nyuma ya nyumba. Hakuwa na nia mbaya. Alikesha nami siku tatu. La kulia likapona, la kushoto likafanya chamba cheupe kama ute wa yai lililochemshwa. Watoto wa chuoni kwangu hapa Songwa wamelizoea. Lakini kila tufikapo kwenye kisa cha Nabii Yaakub, ambaye macho yake yaligeuka meupe kwa huzuni ya mwanawe, hakosekani mmoja wa kuinua uso akanitazama, kisha akainama upesi.

Nimeanza na habari hii ili ndugu wasomaji wajue ya kwamba nilipoulizwa suala la macho mwaka jana, sikuulizwa kama mtu wa nje.

Tulikuwa tumekaa kwenye baraza ya msikiti baada ya sala ya Alasiri. Kijana mmoja achimbaye almasi na wenzake kule Maganzo akatoa simu yake, akatusomea habari ya wataalamu wa Sweden waliotengeneza kioo cha jicho kwa ngozi ya nguruwe, wakawatia watu, na watu hao wakaona. Akaniuliza: "Maalim, wakikuletea wewe hapa, utakubali?" Watu wakacheka. Nami, badala ya kusema "sijui", neno ambalo ni jepesi kwa mwenye elimu nyingi na zito kwa mwenye elimu kidogo kama mimi, nikajibu kwa sauti kubwa ya kwamba jicho la kutengenezwa ni haramu, na aliyepofuka asubiri, kwani mwenye kusubiri ameahidiwa Pepo. Nikaridhika na jibu langu. Nikaenda nyumbani nikala.

Maneno ya barazani hayalali barazani. Baada ya wiki mbili hivi, binti mmoja wa chuoni kwangu, mwenye miaka tisa, hakuonekana siku nne mfululizo. Wenzake wakasema amechomwa jichoni na bua la mtama. Siku ya tano, baada ya Isha, nikaenda kwao. Nilimkuta amejifunika kanga usoni, hataki hata mwanga wa taa. Alipofunua, jicho lilikuwa jekundu lote, na juu ya weusi wake pana doa la kijivu kama punje ya mchele.

Nikamwuliza mama yake kwa nini hakumpeleka hospitali. Akajibu kwa adabu, macho chini: "Maalim, si wewe uliyesema jicho la kutengenezwa ni haramu? Niliogopa wakimpokea watamtia la nguruwe, nami sina wa kunisemea. Nimemtia dawa ya majani."

Nilimwona bibi yangu pale mlangoni.

Kulipokucha tulipanda gari kwenda Shinyanga mjini, mama, mtoto na mimi. Daktari aliyempokea hakutugombeza, ingawa alikuwa na haki. Alisema kioo cha jicho kimefanya kidonda na vijidudu vimeingia, akaandika matone ya kutiwa kila saa, mchana na usiku. Hakukuwa na nguruwe, wala kisu, wala cha kubandikwa. Mtoto alikuwa akihitaji matone tu, naye aliyahitaji tangu siku ya kwanza.

Tulikaa huko siku kumi, nami nikapata nafasi ya kuuliza mambo ambayo ilinipasa kuyauliza kabla ya kuyasemea. Kioo hicho, ambacho madaktari hukiita konea, unene wake katikati ni kama nusu milimita tu. Hakina mishipa ya damu. Kimefumwa kwa nyuzi nyembamba za kolajeni zilizopangwa sawasawa mno, na kwa mpango huo nuru hupita isizuiwe. Kikijeruhiwa sana, nyuzi mpya huota ovyo, na palipokuwa angavu huwa peupe. Kumbe chamba changu cha miaka hamsini ni kovu! Akanitajia pia uchunguzi uliochapishwa mwaka 1987 juu ya watoto 130 wa Tanzania wenye vidonda vya konea: 37 katika kila mia vilifuata surua, na upungufu wa vitamini A ulikuwa na sehemu kubwa. Nilihesabu nikajikuta nami ni katika jamaa hao.

Dawa ya kovu kubwa ni kupandikizwa kioo cha marehemu. Eduard Zirm alifanikiwa kwa mara ya kwanza katika mji wa Olomouc tarehe 7 Desemba 1905. Hesabu ya dunia iliyotolewa mwaka 2016 ilionyesha kwamba kwa kila watu 70 wanaohitaji, kioo kinachopatikana ni kimoja. Jirani zetu wa Ethiopia walianzisha benki yao ya macho mwaka 2003. Ni uchache huu uliowafanya wataalamu watafute kutengeneza. Waitalia huchukua kipande kidogo mno cha ukingo wa jicho zima la mgonjwa mwenyewe, wakakiotesha hata kikawa utando, kisha wakalifunika jicho lililoungua. Katika wagonjwa 112 walioelezwa mwaka 2010, zaidi ya robo tatu walipona. Mwaka huohuo wa 2010, wataalamu wa Linköping, Sweden, walieleza habari ya watu 10 waliotiwa kolajeni ya namna ya kibinadamu iliyotengenezwa kwa hamira. Hamira, ndugu zangu! Nami nilidhani hakuna njia ila ya nguruwe.

Ile ya nguruwe nayo ni kweli. Ilitangazwa mwaka 2022: watu 20 wa Iran na India, na 14 kati yao walikuwa wamehesabiwa vipofu, baada ya miaka miwili hapakubaki kipofu hata mmoja. Lakini ilijaribiwa kwa wale ambao kioo chao kimekonda na kuchongoka, si kwa wenye kovu kama langu. Basi hata hilo swali la kijana halikunihusu, nami nililijibu.

Niliporudi nilimwendea sheikh mmoja ambaye amesoma zaidi yangu, nikamweleza yote bila ya kujitetea. Akaniambia kwamba Baraza la Fiqhi la Kimataifa lilipokutana Jeddah mwezi wa Februari 1988 lilijuzisha kupandikiza viungo kwa masharti, na likataja waziwazi kutumia konea ya jicho lililotolewa kwa ugonjwa. Kuhusu nguruwe akafungua Minhaj ya Imamu Nawawi, akanionyesha mahali pasemapo juu ya mtu aliyeunga mfupa wake kwa kitu najisi kwa kukosa kilicho safi: huyo ana udhuru. "Sikwambii ni halali," akasema. "Nakwambia wanavyuoni waliuliza kwanza kama kipo kisafi. Wewe uliuliza nini?"

Sikuwa na jibu.

Ijumaa iliyofuata niliomba ruhusa ya imamu, nikasimama baada ya sala, nikasema nilikosea, nikataja kosa lenyewe na matokeo yake, ila jina la mtoto nililificha. Haikuwa rahisi. Wazee wengine hawakupendezwa; mmoja aliniambia kando kwamba mwalimu akijivua nguo mbele ya watu, wanafunzi hawamwogopi tena. Huenda ni kweli. Yule kijana wa Maganzo alinifuata mpaka nje, akaniuliza tena: "Sasa Maalim, utakubali au hutakubali?" Nikamwambia sijui, nitauliza. Safari hii hakuna aliyecheka.

Binti alipona, lakini kovu limebaki, dogo, kando ya mboni. Mchana husoma vizuri. Jioni husema herufi zinatoa miale. Siku hizi huja mapema kuliko wenziwe akakaa karibu na dirisha, nami nimewakataza wengine kukaa mahali pale.