Mali ya Mjerumani

Najua nimekuwa kimya mno, na kuna waliokwisha kueneza kwamba nimedisko. Sijadisko, poleni sana. Nilikuwa Lindi wiki tatu na kina mwanaakiolojia, halafu nikapitia kwa mjomba. Nataka niwasimulie yote mawili kwa pamoja maana kichwani mwangu yameshikana, siwezi tena kuyatenganisha.

Mnajua mimi ni mwalimu mtarajiwa, Historia na Kiswahili. Ile kozi ya akiolojia niliichukua kwa hiari, hasa kwa kuwa ratiba yake haigongani na vipindi vya ualimu. Na nilisikia wakienda uwanjani wanakula samaki kila siku. Samaki walikuwepo. Lakini jamani, ile kazi!

Mnapima mraba wa mita 2 kwa 2 kwa misumari na uzi. Hakuna kupiga jembe ovyo. Mnapiga magoti, mnakwangua kwa mwiko wa muashi, na kila sentimita 10 mnasimama, mnapima, mnachora, mnapiga picha. Udongo wote unapita kwenye chekeche. Kinachobaki kinaingia kwenye mfuko, na mfuko unaandikwa: shimo lipi, kina gani, tarehe, nani kachimba. Msimamizi wetu alikuwa mkali kwenye ile lebo kuliko kwenye kitu chenyewe. Kwake kigae kisicho na lebo ni kokoto tu. Mkaa ndio kabisa, hushikwi kwa vidole. Unauchota kwa ncha ya mwiko, unaufunga kwenye karatasi ya foili, kwa sababu ndio unaopelekwa maabara kupimwa umri. Hata rangi ya udongo hamuisemi kwa kukisia, mnailinganisha na kitabu chenye vijipande vya rangi kurasa kwa kurasa. Mimi nilikuwa naona kahawia, mwenzangu anaona kahawia nyingine, tunabishana juani mpaka tunaitwa kula.

Jioni mnaosha vigae kwa mswaki kwenye beseni, mnavianika kivulini, kesho yake mnaviandika namba kwa wino, vidogo kama kucha. Nimeosha vigae mpaka nikaviota.

Na tulipata nini? Vigae, mifupa ya samaki, makome, shanga chache za kioo, na mavi ya chuma. Basi. Siku ya mwisho tukachora kuta za shimo, tukalifukia. Wanakijiji walicheka mpaka wakakaa chini. Wiki tatu mnachimba, halafu mnafukia! Mzee mmoja alisema wazi kwamba dhahabu tumeshaipakia usiku.

Sasa katika vile vigae kuna vyenye michoro ya pembetatu shingoni, imekwanguliwa udongo ukiwa mbichi. Vya aina hiyo ni vya takribani karne ya 6 hadi ya 9, na vimeokotwa pwani, visiwani, na mbali huko bara. Profesa Felix Chami wa hapa Mlimani amevishughulikia miaka mingi, na ni mmoja wa waliosimamia hoja kwamba waliovifinyanga walikuwa wenyeji, wakulima na wafua chuma, kabla ya ile miji ya mawe ambayo zamani vitabu viliihesabu kuwa kazi ya wageni. Yaani hoja nzito namna hiyo imebebwa na vipande vya vyungu vilivyovunjika. Nilipokuwa kidato cha kwanza niliandikiwa ubaoni majina ya wageni na tarehe tu. Chungu hakikutajwa.

Baada ya hapo ndipo nikaenda kwa mjomba.

Mnaotoka kusini mnaijua habari ya mali ya Mjerumani, sina haja ya kueleza sana. Inasemekana Mjerumani alipokuwa akikimbia vita alizika masanduku. Si hadithi isiyo na pa kuanzia, maana mwaka 1916, alipokuwa amebanwa, alitengeneza kweli sarafu za dhahabu za rupia 15 pale Tabora, zina picha ya tembo. Kutoka hapo mpaka sanduku chini ya mbuyu wa mjomba ni mwendo mrefu, lakini mwaka 2018 alikuja mtu kutoka mjini na mashine inayolia, na mashine ikalia. Mjomba akauza shamba la mikorosho. Mtoto wake, aliyekuwa kidato cha tatu, akatolewa shule aje asaidie kuchimba, kwani mgeni siri haambiwi. Wakachimba miezi mitatu. Yule mtu na mashine yake wakaondoka usiku mmoja. Binamu yangu leo anaendesha bodaboda ya mtu, kila jioni anapeleka hesabu.

Shimo lile nimeliona mara nyingi, nilikuwa nalikwepa tu nisitumbukie. Safari hii nilisimama ukingoni nikashindwa kuondoka. Kuta zake zimekaa kama keki: mchanga mweupe, chini yake majivu, chini yake makome tele, kisha udongo mwekundu. Na kwenye lile rundo walilotupa nje, mvua imeosha vigae, vimejaa. Nikainama. Pembetatu. Kimoja kikubwa mkaza mjomba anawawekea kuku maji.

Niliumia, siwafichi. Vile vigae vilikuwa na mahali pake, pembeni mwa jiko fulani, juu ya mkaa fulani, na sasa ni kokoto, kama alivyosema msimamizi.

Nikamwita mjomba, nikamwonyesha. Akauliza kwa upole kabisa, "Kinauzwa bei gani, mwanangu?" Nikasema hakiuzwi. Akanyamaza. Nikajaribu kumweleza kwa nini mahali kitu kilipolala ni muhimu. Nikampa habari ya sarafu 5 za Kilwa zilizookotwa mwaka 1944 huko Australia, visiwa vya Wessel, na askari aliyekuwa akivua samaki. Alizitupia kwenye kopo, na mpaka mwaka 1979 ndipo zilipopelekwa zikatambuliwe. Hadi leo wataalamu wanabishana zilifikaje, maana hazikuchimbwa kwa kupima na kuchora. Nilidhani nimemaliza.

"Kwa hiyo sarafu zipo," akasema mjomba.

Binamu yangu alicheka, lakini si kicheko cha kufurahi.

Kinachoninyima usingizi ni hiki. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inataka kibali kabla hujachimba mahali kama pale. Nikienda kwa afisa utamaduni wilayani, namtaja ndugu wa mama yangu, mtu aliyenisomesha kwa korosho zilezile kabla hajaziuza. Nikinyamaza, yule mtu wa mashine amepiga simu tena. Anasema mara ya kwanza walikosea mita 4 tu, atakuja baada ya mvua. Na upande ule wa mita 4 ndio uliobaki mzima.

Nimezungumza na mhadhiri mmoja bila kutaja kijiji. Amesema kibali ni kazi yake kukiombea, na hata kuta za shimo la zamani zinaweza kusafishwa na kuchorwa, mkaa ukachukuliwa, mradi mwenye shamba aridhie. Nikampigia mjomba. Akauliza vibarua wanalipwa kiasi gani kwa siku. Nikamtajia. Akasema atafikiri, ila kama ni kuchimba kwake, atachimba yeye na mwanawe, si watoto wa mjini wenye glavu. Binamu alichukua simu akaniuliza kama kule kuchora kuta mtu anaweza kufundishwa bila cheti. Nikamwambia mimi nilifundishwa siku moja.

Mvua za kusini huisha mwezi wa tano. Boom likiwahi nitakuwa nimefika kabla ya mwenye mashine. Mwenye mwiko wa kuazima na futi ya mita 5 anitafute, jioni nipo kantini.