Kisii Hadi Isebania: Mama Aendaye Kumwona Mjukuu

Mtu akikuambia kuwa Kisii ni mji wa mpakani, huenda ukamcheka. Kwenye ramani, Kisii na Nyamira hazigusani na Tanzania. Katikati kuna Migori. Lakini, ndugu msomaji, hebu panda matatu mjini Kisii asubuhi, upite Rongo, Awendo na Migori. Kabla ya chakula cha mchana umefika Isebania, na ng'ambo ni Sirari, Tanzania.

Katika matatu niliketi karibu na mama mmoja wa Nyamira, miguuni pake mkungu wa ndizi.

"Mama, unakwenda nchi ya kigeni?" nikamtania.

"Mwanangu, nakwenda kumwona mjukuu," akajibu. Binti yake ameolewa Tarime.

Mstari anaouvuka ulichorwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1886, huko Ulaya. Uliwakata Wakuria, ambao lugha yao inakaribiana na ya Wakisii, wengine wakawa Kenya na wengine Tanzania.

Wakisii nao waliyaonja machungu yake. Mnamo Septemba 1914, Vita Vikuu vya Kwanza vilipoanza, jeshi la Wajerumani lilivuka kutoka kusini na kuingia mjini Kisii. Waingereza wakaja, wakapigana nalo, likarudi lilikotoka. Wenyeji waliochukua mali mjini wakati wa fujo hiyo waliadhibiwa vikali, na baadaye vijana wengi wakachukuliwa kuwabebea wanajeshi mizigo. Wapiganapo tembo, nyasi ndizo huumia.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na Tanzania ikaufunga mpaka, usifunguliwe hadi 1983. Mama huyu alikuwa msichana. Shangazi yake, aliyekuwa ameolewa upande wa pili, alifariki katika miaka hiyo.

"Baba hakumzika dada yake," alisema, kisha akanyamaza hadi Migori.

Leo Jumuiya imefufuliwa, na Isebania maafisa wa nchi zote mbili huhudumia wasafiri mahali pamoja. Wabadilishaji fedha wanaita wateja, na mahindi na vitunguu vinapakiwa.

Mama alifungua fundo la leso, akatoa karatasi zake zilizokunjwa vizuri. Zilipigwa mhuri. Nikamsaidia kujitwika mkungu wake, naye akavuka bila kugeuka nyuma, kama mtu anayeingia ua wa jirani.