Sauti kutoka Mtaa wa State

Nilikulia Bukoba, mahali ambapo ushuhuda ni sehemu ya ibada. Tangu uamsho ulipotufikia kutoka Rwanda na Uganda, watu wa kizazi cha bibi yangu walizoea kusimama mbele ya wenzao na kueleza walivyokuwa na jinsi walivyogeuka. Bibi alikuwa na sikio kali. Mtu akiisimulia pombe yake kwa raha kuliko wokovu wake, bibi aliguna, na sisi wajukuu tulijua huyo hajapita. Michezo ya kuigiza tuliipata kwingine: jioni, redioni, Pwagu na Pwaguzi wakituvunja mbavu kupitia Radio Tanzania. Ushuhuda ulikaa kanisani, mchezo ukakaa kwenye redio, na hakuna aliyefikiria kuvioza.

Nilivikuta vimeoana Chicago, miaka ya 1990, nikiwa mwanafunzi anayelinda maegesho ya magari usiku. Kibandani mlikuwa na redio ndogo iliyoachwa na mlinzi aliyenitangulia. Usiku mmoja stesheni ya dini ilirusha kipindi kilichofunguliwa kwa kinanda cha kutia hofu. Mlango ukabamizwa, glasi ikavunjika, mume na mke wakaanza kurushiana maneno. Kabla ya nusu saa kwisha, yule mume alikuwa amepiga magoti akilia. Mtangazaji akasema kisa hicho ni cha kweli, na kipindi kinaitwa Unshackled!, kutoka Pacific Garden Mission, hapo hapo mjini. Wiki iliyofuata mtu alikuwa mwingine, na dhambi nyingine. Hapakuwa na mhusika wa kudumu; kila kipindi kilikuwa na maisha yake.

Mkenya mmoja dereva wa teksi ndiye aliyenionyesha jengo lenyewe, katika Mtaa wa State, chini ya taa ya msalaba iliyoonekana toka mbali. Nje palikuwa na foleni ya wanaume wanaosubiri chakula na kitanda. Misheni hiyo ilianzishwa mwaka 1877 na mtu na mkewe, George na Sarah Clarke, na jina lake lilitoka kwenye baa. Walipohamia jengo lililokuwa ukumbi wa bia ulioitwa Pacific Garden, mhubiri Dwight L. Moody aliwashauri waiondoe bia na kuliacha jina. Huko ndiko alikookoka Billy Sunday mwaka 1886, akiwa mchezaji wa besiboli wa Chicago, kabla hajawa mhubiri aliyetikisa Marekani nzima. Huko pia ndiko alikoingia Mel Trotter mwaka 1897, mlevi aliyekuwa amekata tamaa ya kuishi, ambaye baadaye alianzisha misheni yake Grand Rapids. Kwa hiyo redio ilipokuja, hadithi zilikuwa tayari ndani ya nyumba.

Kipindi cha kwanza cha Unshackled! kilirushwa Septemba 1950 kupitia stesheni ya WGN. Mwandishi na mwongozaji wake alikuwa Eugenia Price, mwanamke aliyekuwa akijipatia riziki kwa kuandika tamthilia za redio kabla hajaokoka. Chicago ilikuwa shule ya kazi hiyo. The Guiding Light, tamthilia iliyodumu kuliko nyingi, ilianzia mji huo mwaka 1937. Price alijua namna ya kumshika msikilizaji tangu sentensi ya kwanza, na akaupeleka ujuzi huo kwa walevi wa mitaani. Alipoondoka kwenda kuandika vitabu, Jack Odell alishika kalamu na kuiongoza kazi hiyo kwa miongo kadhaa.

Wakati Odell akiandika, ulimwengu wa wenzake ulikuwa unabomoka. Televisheni iliwavuta wafadhili waliotangaza sabuni na sigara, na fedha zao zikawafuata. Septemba 1962 mtandao wa CBS ulirusha michezo yake ya mwisho ya Suspense na Yours Truly, Johnny Dollar, na wengi wakahesabu kwamba mchezo wa redio Marekani umezikwa hapo. Unshackled! haikuzikwa. Haikuwa na sabuni ya kuuza, kwa hiyo hapakuwa na mtangaza biashara wa kuikimbia. Ilibebwa na wachangiaji wa misheni, watu waliotuma fedha kidogo kidogo kwa sababu mtoto wao, au wao wenyewe, walikuwa mfano wa hadithi ile.

Siku niliyokwenda kuangalia kipindi kikirekodiwa, niliketi ukumbini kati ya bibi wa kizungu aliyevaa kofia ya kanisani na mwanamume aliyekuwa amelala misheni usiku uliotangulia. Waigizaji walisimama mbele ya maikrofoni na karatasi mkononi. Fundi wa sauti alikuwa na mlango mdogo wenye kitasa, viatu na ubao; alipotembeza viatu juu ya ubao, nilifumba macho na kuona mtu anapanda ngazi. Mpiga kinanda alimtazama mwongozaji muda wote. Mlevi alipotukana mkewe, jirani yangu wa misheni aliinamisha kichwa. Hapo nikaelewa kwa nini walirekodi mbele ya watu: wasikilizaji wa kwanza walikuwa ndio wahusika.

Nilivyoendelea kusikiliza kwa miaka, nilisikia dhambi zikibadilika. Vipindi vya zamani vilivyorudiwa vilijaa wiski na kamari. Vipya vikaleta heroini na kokeni, askari waliorudi Vietnam na majinamizi, vijana wa magenge, wanawake wanaosema wenyewe badala ya kuwa wake wanaolia jikoni. Mwaka 2007 misheni iliuacha Mtaa wa State, shule ya jirani ikapata nafasi ya kupanuka, na jengo jipya likafunguliwa Mtaa wa Canal, limebuniwa na msanifu Stanley Tigerman. Foleni ilihama nayo. Kipindi kikaingia intaneti, na leo mpwa wangu anaweza kukisikiliza Bukoba kwenye simu saa yoyote anayotaka.

Kitu kimoja tu hakikuhama. Katika vipindi vyote nilivyosikia, njia ni ile ile: kuanguka, kuanguka zaidi, mtu wa kumshika mkono, magoti. Naelewa sababu. Anayesikiliza saa nane za usiku akiwa na chupa mezani anahitaji kujua kwamba mlango upo. Lakini Bukoba niliwajua waliotoa ushuhuda Jumapili na kurudi kilabuni Jumatano, kisha wakasimama tena mbele ya kanisa, wakiwa na aibu zaidi na maneno machache zaidi. Bibi hakuwahi kuwagunia hao. Zaidi ya vipindi elfu tatu vimesharekodiwa, na ufundi wa kumwigiza mtu wa namna hiyo upo tangu enzi za Price. Unshackled! imemudu kubadilisha dhambi, jengo na chombo cha kurushia. Naamini inaweza kumudu pia hadithi ya mtu anayeokoka mara ya pili.