Jina la Babu Limekwenda Wapi?



Nyumba yetu hapa Uingereza ilikuwa na watu watatu na majina matatu ya mwisho. Pasi yangu ilisema Salim Khamis Juma. Mama watoto, kama walivyo wanawake wengi wa kwetu, hakuliacha jina la ukoo wa baba yake alipoolewa, na pasi yake ilimalizikia na Faki. Binti yetu tulimwandikisha kama tulivyoandikishwa sisi wenyewe: jina lake, la baba yake, la babu yake. Zuhura Salim Khamis. Kwetu Unguja asingetokea mtu wa kuuliza kitu. Ukiyataja majina hayo matatu barazani, mzee yeyote wa mtaani atakwambia huyo ni mtoto wa nani, na pengine akakwambia na babu yake alikuwa akidaiwa na nani.

Kiangazi cha mwaka 2018 tulikuwa tunarudi kutoka likizo, mimi na Zuhura peke yetu, kwani mama yake alitangulia kuwahi kazi. Afisa wa uwanja wa ndege alizitazama pasi zetu mbili, ya Juma na ya Khamis, akaziweka mezani. Kisha akainama akamwuliza mtoto, kwa upole, sina la kumlaumu: "Huyu uliye naye ni nani?" Zuhura alikuwa na miaka saba. Alimwogopa yule mtu na sare yake, akanyamaza. Kila alivyozidi kunyamaza ndivyo yule afisa alivyozidi kunitazama mimi. Mwisho alisema "baba" kwa sauti ndogo, akaanza kulia. Tukawekwa kwenye viti vya pembeni kwa dakika 40, mpaka mama yake alipopatikana kwa simu.

Kwenye treni ya kurudi nyumbani akaniuliza: "Kwa nini mimi si Juma kama wewe?"

Nilianza kumweleza. Nikamwambia kwetu hakuna jina la ukoo kama wanavyolijua wenzetu hapa. Kwetu mtu ana jina lake, na nyuma yake wamepanga foleni wazee wake. Akizaliwa mtoto, foleni inasogea hatua moja: yeye anasimama mbele, mimi nakuwa wa pili, baba yangu wa tatu, na babu yangu Juma anatoka kwenye karatasi, lakini hatoki vinywani. Akanisikiliza, kisha akasema: "Lakini mwalimu anasema jina la mwisho ni la familia." Sikuwa na jibu la kumtosha mtoto wa miaka saba, wala la kumtosha afisa mwengine wa mwakani.

Hapo ndipo nilipoamua kubadili jina. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi: nikilikata Juma, nitabaki Salim Khamis, na jina langu la mwisho litakuwa sawa na la binti yangu. Sikuwa naongeza kitu kigeni, nilikuwa napunguza neno moja tu.

Nilidhani shughuli hiyo inataka wakili na mahakama. Katika Uingereza na Wales si hivyo, na nalieleza hapa kwa sababu najua wako wengi wenye shida kama yangu. Sheria ya hapa inakubali kwamba jina la mtu mzima ni lile analolitumia na kujulikana nalo, na hati ni ushahidi tu wa kuonyesha kwamba umelibadili. Hati yenyewe ndiyo ile "deed poll". Aliyetimiza miaka 16 anaweza kuiandika mwenyewe kwenye karatasi ya kawaida, bila ya kulipa hata peni moja. Unataja jina la zamani na anwani, unatamka kwamba umeliacha jina hilo na umechukua jipya kwa mambo yote, unatia saini mara mbili, kwa jina la zamani na kwa jina jipya, mbele ya mashahidi wawili waliotimiza miaka 18. Ni bora mashahidi hao wasiwe jamaa zako wala watu wa nyumba moja nawe. Yako makampuni yanayotoza fedha kukuandikia karatasi hiyo hiyo.

Anayetaka iwekwe katika kumbukumbu za umma huipeleka kuandikishwa Mahakama Kuu ya London kwa ada ya pauni 50 na kidogo. Kwa njia hiyo lazima uwe umetimiza miaka 18, na jina lako hutangazwa kwenye gazeti la serikali. Mimi sikuiona haja. Mtoto wa chini ya miaka 16 hubadilishiwa na wazazi, na kila mwenye haki ya ulezi lazima aridhie.

Shahidi wangu mmoja alikuwa jirani, mzee wa Kiingereza anayependa bustani. Aliisoma ile karatasi, akaivua miwani, akacheka: "Umetoa neno moja tu! Kazi yote hii ya nini?" Akatia saini, tukanywa chai.

Kazi yenyewe ilikuja baadaye. Leseni ya udereva ilibadilishwa bila ya ada. Pasi nililipia ada kamili, kama mtu anayeomba upya. Kisha benki, ofisi ya kodi, daktari, mwajiri, bili ya umeme. Kila mmoja alitaka kuiona hati ile, na baadhi yao walikataa nakala, wakataka ya asili. Kwa hivyo ukiandika, andika na utie saini zaidi ya moja. Cheti cha kuzaliwa hakibadiliki. Hicho kinabaki na jina ulilopewa siku ile. Na mwenye pasi ya nchi nyengine, kama Mkenya ambaye tangu katiba ya 2010 anaruhusiwa kuwa na uraia wa nchi mbili, ajue kwamba idara ya pasi ya hapa inataka pasi zote mbili ziwe na jina moja, na kwa hivyo huanzia kwenye pasi ya kwao.

Mama watoto nilimwuliza kama naye atapenda kuwa Khamis. Akanitazama kama niliyemtukana. "Mimi ni binti wa baba yangu," akasema. "Nikisafiri na mtoto nitachukua cheti chake cha kuzaliwa." Na ndivyo afanyavyo hadi leo.

Yote yalipokwisha nikampigia simu baba.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo huko?"

Nikamweleza: kisa cha uwanja wa ndege, mtoto kulia, karatasi, mashahidi. Nilidhani atafurahi. Si jina lake yeye nililolibakisha? Akanyamaza, nikadhani simu imekatika.

"Kwa hiyo umeniweka mie," akasema, "ukamtoa baba yangu."

Nikamwambia hapana, baba, babu hatoki, ni karatasi tu. Akasema: "Na hukuniuliza." Kisha akabadilisha mazungumzo, akaniuliza kuhusu baridi.

Maneno yale yalinikaa siku nyingi. Kwanza nilijitetea moyoni: hata kwa desturi yetu Zuhura hakuwa na Juma katika majina yake matatu. Babu alikuwa keshatoka zamani. Lakini alitoka kwa zamu yake, kama mtu aliyemaliza kazi akampisha mwenzake. Mimi nilimtoa kwa kalamu, kwa karatasi inayosema wazi kwamba nimeliacha jina lake kwa mambo yote.

Halafu nikaliona jengine ambalo baba hakulisema. Nilikuwa nimeisimamisha foleni. Baada ya Zuhura tulijaaliwa mtoto wa kiume, naye ni Khamis. Akija kuzaa hapa, na akifuata desturi ya hapa, watoto wake watakuwa Khamis, na wajukuu zake Khamis, kizazi baada ya kizazi. Baba yangu atabaki pale kama nguzo, na kila atakayekuja baada yake atapita bila ya kusimama. Kwa desturi yetu jina langu lingekaa kwa wanangu kama la pili, na kwa watoto wa mwanangu kama la tatu, kisha nami ningempisha mwengine. Sasa kwa wajukuu silioni popote. Kwa kumtoa babu nilijitoa na mimi mwenyewe.

Ndugu zetu wa Oman wana njia yao: bin fulani bin fulani, kisha kabila mwishoni. Foleni inasogea na nguzo inabaki. Uturuki ilipitisha sheria mwaka 1934 kila familia ichague jina la ukoo. Iceland mpaka leo watu wengi hutumia jina la baba au la mama, na orodha za simu zilikuwa zikipangwa kwa jina la kwanza. Kwa hivyo si sisi peke yetu, wala desturi yetu si ya ujinga. Ni kwamba fomu za hapa zina nafasi ya namna moja tu.

Niliwahi kusoma kwamba neno "poll" katika jina la hati ile lina maana ya karatasi iliyokatwa ukingo wake sawasawa. Mkataba wa watu wawili zamani ulikatwa kwa meno meno, ili vipande viweze kulinganishwa baadaye. Hati ya mtu mmoja haikuhitaji meno, kwani hapakuwa na upande wa pili. Nilipoisoma habari hiyo nilimkumbuka baba: "Na hukuniuliza."

Je, najuta? Uwanja wa ndege sasa tunapita bila ya maswali, na mwanangu hajalia tena. Ningelazimika kuchagua upya, nadhani ningetia saini ile ile. Lakini ningempigia mzee simu kabla ya kutia saini, na si baada yake. Anayekusudia kubadili jina nampa shauri hilo moja: karatasi hailipiwi, lakini waulize kwanza waliomo ndani ya jina.

Nakala moja ya hati ile niliigeuza nyuma, nikaandika kwa mkono wangu majina yote niliyoyajua, na Zuhura akayahifadhi kichwani. Ijumaa moja alimsomea babu yake kwenye simu: "Zuhura Salim Khamis Juma Makame." Akasimama hapo, kwa sababu mimi ndipo nilipoishia.

"Endelea," mzee akamwambia.

"Basi, babu, yamekwisha."

"Hayajakwisha. Tafuta kalamu."

Akamtajia wawili zaidi, ambao mimi mwenyewe nilikuwa siwajui.