Ngano, Filamu na Ulimi wa Mtoto wa Pipeline

Mwalimu wa Kihispania anapompa mwanafunzi wake, mtu mzima, kitabu cha watoto, humpa kisa ambacho pengine anakijua tayari, ili akili yake ishughulike na lugha. Ngano humwonyesha jinsi Kihispania kinavyotenga wakati uliopita wa mandhari na ule wa tukio, jambo ambalo sarufi tupu hulifafanua kwa taabu. Je, mbinu hiyo ina faida gani kwa mtoto ambaye lugha anayofundishwa anaisikia na kuisema kila siku?

Swali hili lilimkabili mwalimu mmoja wa Kiswahili huko Pipeline, mtaa wa Eastlands, Nairobi, ambako majengo ya ghorofa saba, nane na zaidi yamesongamana hata jua lisivifikie vyumba vya chini. Wanafunzi wake wa gredi ya tano huzungumza Sheng. Alianza na kitabu cha ngano: mzee ameketi ugani, ng'ombe wamo zizini. Darasa likanyamaza. Kisa hakikuwashinda, walikuwa wamekwisha kuambiwa mara nyingi kwamba Kiswahili chao ni kibovu, na mtu hasimulii kwa ulimi anaouonea haya.

Juma lililofuata aliwaonyesha sehemu ya The Lion King, filamu ya Marekani ya 1994, akazima sauti, akawataka wasimulie wanachokiona. "Budake amededi," mmoja akasema Mufasa alipokufa, na darasa zima likaingia katika usimulizi. Walipofika kwa ngiri aitwaye Pumbaa na fisi aitwaye Shenzi, waliangua kicheko ambacho watazamaji wengi wa Marekani hawakuweza kukicheka, maana majina yale yalitokana na Kiswahili, na wenye Kiswahili walikuwa wao.

Hapo ndipo sarufi ilipopata mlango. Picha inayopita machoni hudai -na- na -me-: anakimbia, ameanguka. Filamu ilipozimwa na kisa kikaandikwa, viambishi hivyo havikutosha. -Li- ilifungua kisa na -ka- ikakisukuma mbele: Simba alidanganywa na ami yake, akaamini, akatoroka. "Budake amededi" ikawa "baba yake akafa". Sheng haikuwa adui wa Kiswahili sanifu. Ilikuwa rasimu yake ya kwanza.

Kisha wakakirudia kitabu. Msichana mmoja akasema kwamba uga wa Pipeline ni paa la jengo, kwani huko ndiko nguo huanikwa na watoto hucheza. Kamusi haisemi hivyo, lakini neno lilikuwa limepata makao.

Aghalabu fasihi ya watoto huhesabiwa kuwa maandalizi tu ya fasihi ya watu wazima. Darasa lile laonyesha vingine: thamani yake haimo katika wepesi wa msamiati pekee, bali katika kumpa msomaji nafasi ya msimulizi. Asipopewa nafasi hiyo, kitabu humwacha palepale kilipomkuta, hata kiwe na picha nzuri kiasi gani.